Kuivua kazi jioni: mwongozo kamili kwa anayerudi nyumbani Amu na kichwa bado kiko ofisini

Mtu akilalamika kwamba hatulii baada ya kazi, ushauri anaopewa ni uleule: "Jaribu kupumzika." Basi anarudi nyumbani, anajinyoosha mkekani, anafungua simu, na saa mbili baadaye amechoka kuliko alivyokuja. Kujinyoosha hakukumfaa kwa sababu mwili wake haujapata habari kwamba kazi imekwisha.

Siku nzima ukikimbizana na tarehe za mwisho, mteja mkali au bosi asiyeridhika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kujihami. Adrenalini hushuka upesi hatari ikipita. Kotisoli hukawia zaidi, na kila unapolirudia kichwani lile neno uliloambiwa saa nne asubuhi, mwili unapokea amri mpya ya kujihami. Saa kumi na moja jioni inaufunga mlango wa ofisi tu. Jahazi nalo likishushwa tanga haligandi papo hapo, huendelea kuteleza, ndiyo maana nahodha hushusha mapema kabla ya kufika gatini. Hatua zilizo hapa chini ni za kushusha mapema.

Nimeandika kwa watu wa Lamu, au Amu kama tunavyouita mji wetu: wanaovuka kwenda makao makuu ya kaunti Mokowe, wa bandarini Kililana, walimu, wauguzi, wa benki, wa hoteli za Shela. Kisiwa kina shida yake ambayo miongozo ya mijini haiijui. Nairobi ukitoka kazini unapotea kwenye umati. Hapa mkuu wako wa kazi unamkuta Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, akichagua ndizi, karani mwenzako ni shemeji yako, na mwenye faili ni jirani wa ukuta mmoja. Umbali hautakutenganisha na kazi, kwa hiyo mpaka itabidi uuweke mwenyewe, kwa mazoea.

Kwanza jua umerudi na nini

Uchovu wa kazi si wa namna moja na dawa zake hazifanani.

Kuna uchovu wa viungo: wa hamali wa gatini, wa nahodha, wa mhudumu aliyesimama tangu alfajiri. Huyu anataka chakula, maji na kulala. Kumwambia atembee mpaka Shela apunguze mawazo ni kumwonea.

Kuna uchovu wa mambo yaliyobaki, ambao ni wa makarani, walimu na wahasibu. Miguu haijachoka lakini kichwa kinahesabu: lile sijalituma, yule sijampigia. Huyu anataka karatasi, halafu mwendo.

Na kuna uchovu wa moyo. Umefokewa mbele ya watu, umesingiziwa upungufu wa pesa, mshahara umechelewa, au mkataba unakwisha na hakuna anayekwambia lolote. Mtu huyu anahitaji wa kumwambia, na anahitaji hatua ya kuchukua. Mazoezi ya pumzi yatampoza kidogo tu.

Ukitaka kujua upesi ni upi umezidi leo, funga macho kidogo utazame kinachokuja mwanzo. Ukija mgongo, ni viungo. Ikija orodha, ni mambo yaliyobaki. Ukija uso wa mtu, basi ni moyo.

Robo saa ya mwisho kazini

Hatua hii naitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo watu huiruka, kwa kuwa saa hiyo kila mtu anawahi boti.

Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyefanya utafiti wake Berlin miaka ya 1920, aliona kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Ukifuata hilo peke yake utakata tamaa, maana nani humaliza kazi yote kwa siku moja? Lakini mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walionyesha jambo lenye nafuu: kazi haidai imalizwe ndipo ikuache. Ukiipangia lini na vipi utaifanya, inapunguza kukusumbua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor wakajaribu jambo la karibu na hilo: watu waliotumia dakika tano kabla ya kulala kuandika wanayotakiwa kufanya siku zijazo walipata usingizi mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo zaidi, ndivyo usingizi ulivyowahi.

Hapo kwenye maelezo ndipo penye siri. Orodha kama hii ni ya kukuamsha usiku wa manane:

Ripoti. Faili la Hindi. Kuongea na mkuu. Yule mzee.

Ya kukuacha ulale huandikwa hivi:

Ripoti ya robo mwaka: jedwali la pili bado. Kesho saa mbili na nusu, kabla ya kufungua barua pepe, nikae nalo mpaka saa nne.

Faili la kiwanja cha kule Hindi: linangoja sahihi ya mkuu. Nimpelekee kwa mkono saa tatu. Asipokuwepo nimwachie katibu wake na niandike saa niliyomwachia.

Mzee wa fidia: nilimwambia arudi Alhamisi. Jumatano adhuhuri nimpigie kama bado haijatoka, asije akapoteza nauli ya boti.

Tazama kila mstari: una jambo, umefikia wapi, na mkono wako utaanza kugusa nini, saa ngapi. Iandike kwenye daftari linalobaki kazini. Ukiiweka kwenye simu utakwenda nayo kitandani. Mwalimu aandike ameishia daftari la mwanafunzi gani. Wa hoteli akabidhi zamu kwa maneno na kwa maandishi, ili asipigiwe simu usiku kuulizwa ufunguo wa stoo uko wapi.

Ukimaliza, panga meza, funga droo, na useme kwa mdomo kwamba ya leo yametosha. Wengi wetu tunafungua kazi kwa bismillahi. Wachache wanaifunga kwa alhamdulillahi, ilhali mwili unangoja kusikia.

Kuvuka

Anayefanya kazi Mokowe ana bahati ambayo hana habari nayo: kati ya meza yake na kitanda chake kuna bahari. Ila ukiitazama boti ya jioni utaona bahati hiyo inavyotupwa. Abiria wamevaa maboya, vichwa vimeinama, vidole viko kwenye grupu la ofisi. Kule nyuma wawili wanaendeleza mkutano wa saa tisa kana kwamba mwenyekiti hajaufunga. Boti inagusa gati la Amu, na kazi inateremka pamoja nao, kavu kabisa, haikurushiwa hata tone la maji.

Jiwekee sheria moja: kutoka jeti hadi jeti, simu iko mfukoni. Safari yenyewe ni fupi, huna utakachokosa. Hujaambiwa utafakari wala ufumbe macho. Tazama mikoko, tazama maji yamejaa au yametoka, tazama nani anakuja na jahazi na amepakia nini. Macho yakikaa mbali, misuli iliyokazana na skrini siku nzima inalegea. Msimu wa kusi maji yakirusha, simu ingelowa vilevile.

Mwenzako akianza habari za ofisi, mjibu kwa utani: "Tumeshavuka, hayo ni ya ng'ambo." Ukilisema siku mbili tatu, yeye ndiye atakayekukumbusha wewe.

Anayefanya kazi mjini hana mkondo wa kuvuka, basi autengeneze. Usishike njia fupi. Usita wa Mui saa hiyo una punda, mikokoteni, salamu ishirini, na lazima yupo mmoja atakayeuliza faili lake. Teremkia Usita wa Pwani, uzunguke, upandie mtaani kwako kutoka chini. Dakika kumi za ziada zinatosha. Anayefanyia kazi nyumbani naye atoke nje, azunguke mtaa, arudi kama mtu anayetoka kazini.

Na huyo wa faili? Kumkatiza ni utovu wa adabu, na kumjibu ni kurudi ofisini. Kuna njia ya kati: "Shikamoo mzee wangu. Hapa sina karatasi, nisije nikakupa jibu la uongo. Kesho saa tatu njoo, nitakuwa nimeliangalia." Kisha fika kesho umeliangalia kweli, la sivyo wiki ijayo atakufuata mpaka msikitini.

Mlangoni

Nyumba za kale za Amu zina daka: kipenu cha mlangoni chenye viti vya mawe huku na huku, ambapo mgeni hupokewa bila kuingia ndani. Waashi wa zamani waliona mtu hafai kutoka njiani akaangukia moja kwa moja kwenye maisha ya watu wa nyumba. Sijui kwa nini wenye madaka siku hizi wanayawekea mitungi ya gesi na baiskeli za watoto. Yaondoe, ukae hapo dakika tano kabla ya kubisha. Anayeishi Wiyoni au Kashmir kwenye nyumba ya kisasa atumie kibaraza, ngazi, hata ndoo iliyopinduliwa.

Ukiingia, vua nguo za kazi kabla ya jambo jingine lolote. Sare na beji vinaendelea kukwambia wewe ni nani. Oga au tia udhu, vaa kikoi au dera. Usikae "kidogo tu" na shati la ofisini, maana kidogo hicho hufika saa tatu za usiku.

Watu wa nyumbani wanahitaji kuambiwa mapema, siku ambayo hujakasirika. Ijumaa mchana baada ya chakula ni saa nzuri. Sema: "Nikirudi kazini kichwa huwa kimejaa. Nipeni nusu saa ya kunyamaza. Sina neno na mtu. Baada ya hapo mimi ni wenu." Na baada ya nusu saa uwe wao kweli, simu ikiwa chumba kingine. Ukiichukua nusu saa na usilipe, haitakuwepo tena.

Hapa niseme jambo ambalo miongozo mingi hulipita. Ushauri wa kupumzika jioni mara nyingi unaandikwa kwa mwanamume anayepikiwa. Mwanamke anayetoka kazini saa kumi na moja anaingia zamu ya pili: jikoni, watoto wa madrasa, mgonjwa wa ndani. Nusu saa yake haitaanguka kutoka juu, itatoka mikononi mwa mtu. Mume ateleke wali. Kijana mkubwa awapokee wadogo. Kama hakuna wa kumpokea mzigo, bora aipate nusu saa hiyo kabla ya kufika nyumbani, kwa mamake au kwa dada yake, akae anywe chai bila kuulizwa kitu, kuliko kuingoja baada ya Isha wakati nguvu zote zimekwisha.

Mwili utangulie

Kubishana na wasiwasi ukiwa umekaza taya hakuna mshindi. Legeza mwili, fikra zitafuata taratibu.

Anza na pumzi. Kaa, mgongo umeegemea. Vuta kwa pua huku ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, polepole, bila kulazimisha. Kila pumzi inachukua kama sekunde kumi, yaani sita kwa dakika. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kunaichochea neva ya vagasi, inayoupunguza mwendo wa moyo. Fanya dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno: punguza kiasi, hesabu ibaki palepale. Wapo ambao wakisikiliza pumzi zao ndipo wasiwasi unapozidi. Wewe ukiwa mmoja wao, iache bila majuto uende kwenye misuli.

Zoezi la misuli lina umri wa karne. Daktari wa Marekani aitwaye Edmund Jacobson alilitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, akishika kanuni nyepesi: mtu hajui amejikaza mpaka ajikaze zaidi kisha aachie. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde tano, achia, ngoja sekunde kumi na tano huku ukisikia damu inavyorudi vidoleni. Kisha mabega: yapandishe mpaka masikioni, yaangushe. Kisha uso: finya macho, bana midomo, achia. Kisha tumbo, mapaja, nyayo. Taya ulipe muda zaidi. Anayekaa dirishani akihudumia watu wenye hasira hushinda ameuma meno bila kujua, na maumivu ya kichwa anayoyanywea dawa kila Alhamisi huenda yanaanzia hapo.

Halafu mwendo. Kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita tatu kwa pwani, mwendo wa dakika arobaini hivi kwa asiye na haraka. Angalia maji kabla ya kutoka. Siku za bamvua yakijaa utalowa, basi shika njia ya ndani. Si lazima ufike. Kwenda dakika kumi na tano na kurudi kunatosha kwa siku ya kazi. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Usiweke masikioni sauti zilizotumwa na bosi. Anayeogelea aogelee, na anayecheza mpira na vijana jioni keshapata dawa yake, haya mengine ayasome kwa starehe.

Kwa anayeswali, jioni tayari ina vituo: alasiri, magharibi, isha. Simu inayotetemeka mfukoni katikati ya rakaa imekiondoa kituo hicho. Iache nyumbani. Na ule muda mfupi kati ya magharibi na isha usiufanye wa kumalizia ripoti.

Baraza, kahawa na mengine

Kukaa barazani na wenzako ni tiba ambayo wengi duniani wanailipia. Inategemea mnaongea nini. Yapo mazungumzo ya kushusha: umesema lililokukera, mwenzako amesikia, amekuuliza utafanyaje, mmehamia habari za Maulidi, za mpira, za bei ya samaki. Na yapo mazungumzo ya kupandisha: kila mmoja anamtaja bosi wake, mwingine anaongeza, na baada ya Isha kila mtu anaondoka na hasira ya wanne. Jipime unapoinuka. Ukiwa mzito kuliko ulipokaa, kesho badilisha baraza au uje na mada nyingine.

Kahawa tungu ya dele ni tamu kwa kampani, lakini hesabu yake ni hii: nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Kikombe cha saa mbili usiku, kufika saa saba nusu yake ingali kazini. Kinywe alasiri. Baada ya isha, tangawizi na mchaichai vinatosha kushika mkononi.

Muguka na miraa watu huvitumia wakisema vinatuliza. Kemikali iliyomo inaamsha, ni ya ukoo mmoja na vichangamsho. Mtu anajisikia ana nguvu na mipango, usiku unapita macho makavu, kesho anaamka na moyo mzito, na ili auinue anarudia. Pombe nayo inakulaza haraka kisha inauvunja usingizi nusu ya pili ya usiku. Ukiona jioni haipiti bila kimoja kati ya hivi, piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni ya kuulizia msaada, hakuna atakayekushtaki.

Simu

Zima arifa za grupu la kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Usijitoe kwenye grupu, utaitwa mjeuri. Zinyamazishe tu.

Wanaosema "mimi kazi yangu haina kuzima" wengine wao ni kweli: muuguzi wa zamu, fundi wa umeme, nahodha wa boti ya wagonjwa. Kwao tenganisha kupigiwa na kuandikiwa. Mwandikie mkuu wako, kwa adabu: "Bosi, nimeona usiku ujumbe wako unanipita kwenye grupu. Likitokea la dharura tafadhali nipigie, nitapokea. Ujumbe wa kawaida nitausoma saa moja asubuhi na kuujibu kabla ya saa mbili." Umempa njia ya kukupata na umempa saa. Wakuu wengi hawana tatizo na hilo, walikuwa wanaandika usiku kwa sababu wao pia hawalali. Naye akianza kupiga saa nne za usiku kuulizia jedwali, mjibu kwa upole kwamba utalishughulikia saa mbili asubuhi, na lishughulikie saa mbili.

Usiku wa manane

Umelala, saa nane umeamka, na lile jambo liko darini linakutazama. Usiangalie saa. Ukikisia kwamba kama dakika ishirini zimepita na usingizi haurudi, inuka. Kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na msisimko, na uwe na kipande cha karatasi: andika jambo lenyewe na hatua ya kwanza ya kesho, kwa mtindo uleule wa daftari la ofisini. Rudi kitandani usingizi ukija. Kukaa kitandani ukipigana nao kunakifundisha kichwa kwamba kitanda ni mahali pa mikutano.

Asubuhi amka saa yako ya kawaida, hata kama umelala kidogo. Kulala mpaka saa tatu siku ya mapumziko kufidia kunaivuruga Jumapili usiku, na Jumatatu unaijua.

Wanaotoka kazini wengine wamelala

Mhudumu wa hoteli anayemaliza saa tano usiku hawezi kwenda baraza wala pwani. Yeye afupishe: orodha ya makabidhiano, safari ya kurudi bila simu, kuoga, chakula chepesi, pumzi dakika tano, kulala. Taa za nyumbani ziwe chache. Anayetoka zamu ya usiku asubuhi afunike macho kwa kofia au miwani myeusi njiani, alale kwenye chumba kilichozibwa mwanga, na majirani waambiwe. Mtaani kwetu mwenye haya ya kuomba watoto wacheze upande wa pili hulala saa mbili tu kwa siku.

Wakati haya yote hayatoshi

Jaribu kwa wiki tatu nne. Pengine mambo yatapungua makali. Yasipopungua, tazama kama yapo haya: huli au unakula bila kukoma, usingizi umepotea siku nyingi za wiki, moyo unadunda ghafla ukiwa umekaa tu, huoni ladha ya ulivyovipenda, unawafokea watoto kisha unalia. Hapo nenda hospitali ya King Fahad au kituo cha afya kilicho karibu, umweleze daktari kama ungemweleza homa. Presha na tezi ya shingo pia huleta dalili zinazofanana na wasiwasi, na zinapimwa. Mawazo ya kujidhuru yakija usingoje wiki hata moja: mwambie mtu aliye nawe sasa hivi, na piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Hofu ya kukamatwa isikuzuie kusema. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba.

Na mara nyingine wewe huna kasoro, ni kazi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilifafanua ule uchovu wa kupindukia kuwa jambo litokalo kazini, kwenye msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na likataja alama tatu: nguvu kuisha, kuichukia au kuipuuza kazi, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Hapo daka na pumzi zitakushikilia tu wakati unatafuta mlango. Anza na haki zilizoandikwa: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo kamili isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 mfululizo. Wangapi kwenye hoteli zetu wamezihesabu siku zao za mwaka huu?

Hesabu zako. Kisha omba kwa barua, isiwe kwa maneno ya njiani: taja tarehe ulizofanya kazi bila mapumziko, siku za likizo zilizobaki, na tarehe unazopendekeza, ukichagua wiki za Mei ambapo wageni ni wachache ili mwajiri asipate sababu. Andika tarehe juu, mpe mwenyewe mkononi, na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea ubaki nayo nyumbani.